Muratina si Chang'aa

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Kerugoya, neno pombe limekuwa kapu la kutilia kila kileo. Ulevi unapokemewa hadharani, muratina hutajwa sambamba na chang'aa na vileo vilivyoghushiwa. Mchanganyo huo si kosa dogo la msamiati, kwani umeingia hata katika misako.

Muratina ni jina la Kikuyu la mti uitwao mwegea kwa Kiswahili, la tunda lake na la kinywaji chenyewe. Tunda hilo hupasuliwa, likaanikwa juani na kuchemshwa ili uchungu uliishe. Kisha hutiwa katika maji ya miwa, au asali iliyochanganywa na maji, na chombo kikawekwa karibu na moto, maana baridi ya Nyeri haiumui kitu. Baada ya siku moja au zaidi kinywaji huwa tayari. Tunda halitupwi: huanikwa tena, nalo hubeba hamira ya kuumulia pipa lijalo. Mtengenezaji wa divai kutoka milima ya Alps angeuelewa ufundi huu bila mkalimani.

Chang'aa, kwa upande wake, hukenekwa. Ama methanoli, ambayo imewapofusha na kuwaua wanywaji wengi nchini, ni kemikali ya viwandani inayotiwa katika kileo na walanguzi wenye tamaa. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru vileo hatari viangamizwe katika eneo la kati. Hata hivyo, Februari 2024 watu zaidi ya kumi walifariki Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa kileo chenye sumu. Adui hakuwa kibuyu cha mzee.

Wapo watakaodai kwamba mila ni kichaka cha walevi. Hoja hiyo ina uzito. Wake na akina mama wa eneo hili wamelia vya kutosha. Lakini mila yenyewe ilikuwa na mipaka: kileo kilikuwa cha wazee, cha ruracio na cha tambiko, wala kijana hakuruhusiwa kulewa. Kilichovunjika ni mipaka hiyo.

Kinaya ni kwamba chang'aa, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya 1980, iliruhusiwa kwa masharti na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Huko Savoie, nchini Ufaransa, sheria hulinda jina la divai ya milimani na kuamua nani alitumie. Kaunti za mlimani, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi utoaji wa leseni za vileo, zingeweza kuanzia hapo: kuitenga muratina kwa jina lake, kutaja viungo vinavyokubalika, na kumwadhibu anayeuza sukari na kemikali kwa jina hilo. Kiswahili hakijashindwa kutofautisha. Kina dengelua kwa pombe ya miwa na wanzuki kwa ile ya asali. Kilichobaki ni watunga sheria wa Nyeri kufanya vivyo hivyo.