Vazi la Kirusi na Nyanya za Kambini

Mama mwenye bustani, je, umepata kuona majani ya nyanya yakiingia mabaka ya kijani na manjano, kisha yakakunjamana, hali mvua haikukosekana wala mbolea? Huenda ni batobato, maradhi ya kirusi kilichojulikana kwanza katika tumbaku.

Kirusi hicho ni mfano wa fimbo, urefu wake nanomita 300 na unene nanomita 18. Na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Vipande vya protini vipatavyo 2,130 vimepangwa kwa kuzunguka, kama ngazi ya mnara, na baina yao umelazwa uzi wa RNA uchukuao maagizo yote ya kirusi. Bibi Rosalind Franklin, aliyefanya kazi London hata alipofariki mwaka 1958, alionyesha kwa eksirei mahali ulipolala uzi huo. Mwaka 1955, huko California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walitenga protini na uzi, kisha wakavichanganya. Vikajipanga vyenyewe, na kirusi kikaweza kuambukiza tena.

Sasa, vazi gumu hivyo, lidumulo miaka katika jani kavu, huvuliwaje ndani ya mmea? Wataalamu hueleza kwamba nje ya seli kalisi na asidi huvibana vipande vya protini. Ndani ya seli kalisi ni haba na asidi hupungua; vipande husukumana, ncha moja ya fimbo ikalegea. Hapo ribosomu, vyombo vya mmea vitengenezavyo protini, huushika uzi na kuusoma, na katika kusoma huliambua vazi. Ndiyo kusema, adui hufunguliwa mlango na mtumishi wa nyumba.

Mmea ukishaambukizwa hauna dawa. Kwa hiyo ulinzi wake ni nje ya lango. Kirusi hupenya katika michubuko midogo ya majani, kikichukuliwa na mikono, visu, nguo, na hata tumbaku ya sigara. Basi bwana arudipo zamu asiguse nyanya, biringanya wala pilipili kabla ya kunawa vema kwa sabuni, wala asivute sigara bustanini. Mche mgonjwa na ung'olewe, uchomwe moto, na aliyeung'oa anawe kabla ya kushika mizima.

Askari ajuaye thamani ya kulinda lango hatadharau ulinzi huu wa maji na sabuni.