Mti wa asembli si urembo, jamani

Wadau, leo sina picha za bwenini wala umbea wa kantini. Nina hasira tu. Kama husomi uhandisi vumilia kidogo, maana kuna siku utapanda lifti iliyochorwa na hawa ninaowasema.

Huku kwetu mtu akitumia dakika 20 kupanga mti wa asembli kwenye SolidWorks anachekwa. Juzi nimeambiwa mbele za watu, "dada, huo urembo, sisi tunachora mashine." Sawa kaka. Ila wanaosema hivyo ndio hao hao wenye Part1, Part7, Copy of Part7, shafti, shafti mpya na shafti mpya ya ukweli.

Kwa wasiojua: mti ni ile orodha ya upande wa kushoto inayoonyesha kila kipuri kilichomo kwenye mashine na jinsi kilivyofungwa. Alama zake zinasema mengi. Ukiona (f) kipuri kimegandishwa pale, (-) bado kinaweza kucheza, (+) kimefungwa kupita kiasi na hapo kuna ugomvi. Sasa alama hizo zina faida gani kama mbele yake pameandikwa Part7?

Na dawa yake si ngumu hata kidogo. Kila faili ya kipuri ina nafasi ya maelezo. Andika humo "shafti ya ngoma, 30 mm". Kisha bofya kulia juu ya jina la asembli, ingia "Tree Display", uamuru mti uonyeshe maelezo. Hujagusa jina la faili, kwa hiyo hakuna kilichokatika. (Wale wa kubadili majina ya faili nje ya programu halafu asembli inaanza kuuliza vipuri viko wapi, nanyi siku yenu inakuja.) Maelezo hayo hayo ndiyo yanayokwenda kwenye jedwali la vipuri la mchoro, lile analosoma fundi. Huo ndio urembo? Wa Creo, zamani Pro/ENGINEER, mna raha zaidi: unaongeza safu kwenye mti, unahifadhi mpangilio kwenye tree.cfg, unawagawia kikundi kizima. Na wa FreeCAD msijifiche, lebo inabadilishwa bila kugusa jina la ndani.

Kuna hoja moja ya maana niliyoisikia, kwamba badala ya folda tutumie subasembli. Nakubali pale ambapo vipuri vinafungwa pamoja kweli, kama fremu. Lakini folda ni ya macho tu, haigusi mashine. Subasembli inabadili muundo wenyewe, na SolidWorks inaiingiza ikiwa ngumu, haichezi ndani mpaka uiambie. Bolti 24 nikizitupa kwenye folda moja niione shafti yangu, sijabadili kitu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, msituchanganye.

Mnataka mfano? Muhula uliopita kikundi kimoja cha mashine ya kupukuchua mahindi kilikuwa na shafti mbili kwenye faili moja, ya zamani 25 mm na mpya 30 mm. Mti ulionyesha Part4 na Part4_2. Mmoja akanunua beringi za 6206, ambazo tundu lake ni 30 mm. Mwingine akachapisha mchoro wa Part4 akaupeleka karakana. Fundi alikereza 25 mm safi kabisa, maana ndivyo ilivyoandikwa. Chuma kikishatoka hakirudi bwana. Kile chuma kilinunuliwa kwa bumu la watu watano, na wawili kati yao walimalizia mwezi kwa chai na andazi. Aliyelaumiwa ni fundi! Mzee wa watu akabaki kusema, "wanangu, mimi nasoma karatasi."

Halafu mwalimu anatoa alama kwa picha yenye kivuli na rangi ya kung'aa, mti hata haufungui. Hapo nalaumu wakubwa kabisa. Fungueni faili, someni mti, kateni alama kwa kila Part mnayoiona, muone kama watu hawatajifunza kwa wiki moja.

Jumatatu kuna kikundi kinapeleka michoro karakana. Nimeuona mti wao jana maktaba. Vipuri 43, kumi na tisa vinaanza na Part. Nimewaambia, wamecheka. Leo ni Alhamisi, bado mna siku tatu.