HABARI ZA BAHARI ZIMFIKIE MFANYA KAZI



Kila msimu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua, na hatari ikikaribia baharini hutoa onyo. Kazi hiyo ni njema na twaishukuru. Lakini twauliza: onyo hilo humfikia nani? Katika pwani yetu ya Sabaki, toka Kilifi mpaka Malindi na Ngomeni, wako wavuvi, wafanya kazi wa chumvi, vibarua wa mkonge na watumishi wa mahoteli. Hao ndio wapatwao kwanza bahari ikichafuka au mto ukifurika, na mara nyingi ndio wapatao habari mwisho. Mvua ikiharibu chumvi, kibarua hana mshahara wa siku ile. Chombo kikizama, watoto wamekosa baba.

Tukumbuke tarehe 26 Desemba 2004. Nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, yapata saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya tsunami yalichukua muda wa saa nane hivi kuvuka Bahari ya Hindi mpaka kufika kwetu. Katika muda huo Kenya ilisikia yaliyotokea Asia, na polisi wakaondoa watu katika fukwe za Mombasa. Kwetu alikufa mtu mmoja. Somalia walikufa karibu watu 300. Ni kweli pwani ya Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi, na kwetu maji yalikuwa bado hayajajaa. Lakini hata hivyo, mtu aliyeambiwa mapema alipanda juu. Asiyeambiwa alikutwa ufukoni.

Wala elimu haiko mbali nasi. Hapo Ngomeni Wataliana walirusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco baharini, toka mwaka 1967 mpaka 1988, na mitambo ya kupokea habari za setilaiti ingali hapo. Si haki mvuvi wa Ngomeni atweke tanga mbele ya mitambo ile bila kuambiwa upepo wa jioni.

Jambo la pili ni lugha. Mtu akiambiwa mvua itazidi wastani kwa asilimia kadha wa kadha, afanye nini? Aambiwe hivi: Bahari ya Hindi ni kama mizani ya dukani. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa, mawingu huelemea kwetu na vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019, miaka ya mafuriko. Tena Sabaki huanza mbali karibu na Nairobi, ukiitwa Athi, kisha Galana. Basi mvua ya bara yaweza kutufurikia hata kama Malindi jua linawaka. Maneno hayo mzee yeyote wa Mambrui atayaelewa.

Sisi wa reli twajua ishara ni kitu gani. Taa nyekundu ikiwaka, dereva haulizi asilimia, anasimama. Lakini anasimama kwa sababu alifundishwa maana yake, na maana ni ile ile kila stesheni.

Jambo la tatu ni imani. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na ukali wake mkubwa haukufika kwetu. Mtu akisema, "Mbona tulitishwa bure?" tumjibu kwamba onyo si kiapo. Mtaalamu naye aseme wazi lipi analijua na lipi analikisia, maana akificha shaka yake leo, kesho hataaminiwa.

Na wataalamu wajue kusikiliza. Wavuvi wetu wanajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na tope la Sabaki linapoingia baharini. Ila elimu hiyo peke yake haitoshi sasa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la ajabu, matumbawe ya Malindi na Watamu yakageuka meupe, na mengi yakafa. Elimu hizi mbili zikae baraza moja.

Kwa hiyo shauri letu ni hili:

1. Kila onyo litolewe kwa Kiswahili na Kigiriama, redioni na katika kila diko, likitaja mahali gani, saa ngapi, na watu wafanye nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Kifungu cha 35 champa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali.

2. Watafiti wanaopima maji yetu na kuhesabu samaki wetu warudi kueleza walichokiona.

3. Waajiri wabandike onyo mahali pa kazi. Siku ya hatari kazi isimame, na mtu asikatwe mshahara kwa kuokoa roho yake.

4. Kila tawi la chama lichague mtu mmoja wa kupokea habari hizi na kuwasomea wenzake.

Hilo la nne halimngoji mtu yeyote. Matawi yaanze katika mkutano ujao.