Ushirikiano Usiwe Kumezwa

Sheria inapofungua mlango baina ya vyuo vya ualimu na vyuo vikuu, hatuna budi kuuliza ni nani atakayepita, naye amebeba nini. Mwaka 1975, Sheria Na. 13 iliitoa Taasisi ya Elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa shirika la umma linalojitegemea. Miaka 30 baadaye mwendo ukageuka: mwaka 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu hicho hicho.

Hatua hiyo hatuibezi, kwani shule za sekondari zilihitaji walimu wenye shahada. Lakini kila chuo kikigeuzwa hivyo, nani atabaki kumwandaa mwalimu wa Darasa la Kwanza? Ushirikiano ni jambo jingine. Kila upande hubaki na kazi yake, ukampa mwenzake anachokosa.

Tuliwahi kumpeleka mhadhiri mmoja katika shule ya mazoezi. Mbele ya watoto zaidi ya 80, chaki ilimtetemeka mkononi. Mwanachuo wetu akawagawa watoto katika makundi, akawapa vizibo vya chupa, na somo la kujumlisha likaendelea. Baada ya kipindi, mwanachuo alishindwa kueleza kwa nini baadhi ya watoto walihesabu vizibo vyema lakini wakakosea walipoandika tarakimu. Mhadhiri alieleza kwa ufasaha. Siku ile kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake.

Kwa hiyo twashauri kwamba sheria yoyote ya ushirikiano iweke mambo matatu. Kwanza, chuo cha ualimu kibaki na shule zake za mazoezi. Pili, mhadhiri wa elimu afundishe darasa la msingi kila mwaka, wala asikae nyuma akijaza fomu za tathmini. Tatu, masomo ya stashahada yahesabiwe katika shahada, ili mwalimu anayejiendeleza asirudishwe mwanzo.

Wako watakaosema kwamba wakufunzi twaogopa kupoteza vyeo. Labda. Lakini hofu yetu kubwa ni ya mtoto yule mwenye vizibo mkononi. Nanyi wanachuo, mwendapo mazoezini, andikeni kila siku mliyoyaona darasani. Siku chuo kikuu kitakapobisha hodi, msimpokee mgeni mikono mitupu.