Makisio ya Maziwa Yasikutie Deni

Ndugu mkulima, siku hizi kila aombaye mkopo huulizwa swali moja: Je, mwaka ujao utauza kiasi gani? Zamani swali hili lilijibiwa na Bwana Shamba. Leo wengi wetu hulijibu kwa simu, au kwa kompyuta ya chama cha ushirika, kwa kutumia jedwali la hesabu kama Excel au Google Sheets. Kijana huingiza hesabu za miezi iliyopita, huandika fomula moja, na mara jibu hutokea. Kazi hii ni njema, nami siikatazi. Lakini nataka kukuonya juu ya jambo moja, kwa maana lilikaribia sana kumtia mtu deni lisilolipika, na mtu huyo ni mimi.

Kukisia mauzo si jambo geni kwetu sisi wa skimu. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba yalikatwa yakiwa na makisio yake tayari. Katika skimu za mashamba madogo wakuu walipiga hesabu kwamba mwenye shamba, akiisha kulisha watu wake na kulipa deni, abakiwe na pauni 25 kwa mwaka, au 40, au 70, kwa kadiri ya skimu yenyewe. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30. Makisio yalipendeza juu ya karatasi, lakini mvua na bei hazikuisoma karatasi hiyo, na wengi katika wazee wetu walichelewa kulipa wakadaiwa miaka mingi.

Basi sikiliza habari yangu. Mwezi wa Julai 2021 nilikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa huku Kinangop, nikataka wa nne. Mkopo ulikuwa shilingi 160,000, na malipo yake shilingi 10,500 kila mwezi. Nikaambiwa nilete makisio. Nikatoa karatasi za malipo ya maziwa, nikasoma lita nilizouza: Januari 420, Februari 360, Machi 390, Aprili 540, Mei 660, Juni 690. Mwanangu aliweka namba za miezi katika safu ya A na lita katika safu ya B, akaandika hivi:

=FORECAST(14,B2:B7,A2:A7)

Maana yake ni kuiambia kompyuta itazame miezi hii sita, ipitishe mstari ulionyooka katikati yake, kisha iseme mstari huo utakuwa umefika wapi mwezi wa 14, yaani Februari ya mwaka unaofuata. Kompyuta ikajibu: lita 1,230.

Kwa bei ya shilingi 40 hizo ni shilingi 49,200 kwa mwezi mmoja. Nilifurahi sana, nikamwita mama watoto aje aone. Alitazama kidogo, akaniuliza, "Baba Njeri, hizo ni lita 44 kila siku. Mwezi wa pili tutamkamua nani?"

Sikuwa na jibu. Wewe mwenyewe wajua Februari ilivyo huku juu. Nyasi zimeungua kwa jua mchana na kwa baridi kali usiku, mabingobingo yamesimama hayakui, na ng'ombe yuatafuna mabua ya mahindi. Februari ile ya 2021 niliuza lita 360 tu, nazo zilikuwa pale pale katika jedwali, mstari wa tatu, mbele ya macho yangu.

Kosa halikuwa la kompyuta. Ilifanya kama ilivyoagizwa. Mimi niliipa miezi sita inayoanza na kiangazi na kwisha katika mvua za masika, nayo ikadhani kwamba maziwa huongezeka kila mwezi bila kikomo. Ni kama mtu atokaye Naivasha kwenda Kinangop, akaona barabara yapanda, akadhani itaendelea kupanda hata mbinguni. Tena angalia: kama ningeipa miezi ya Juni mpaka Septemba, ambayo maziwa hupungua, ingeniambia kwamba baada ya muda nitauza chini ya lita sifuri.

Kwa mazao yafuatayo majira, yafaa kulinganisha Februari na Februari, wala si Februari na Juni. Nilikuwa na karatasi za mwaka 2020 pia, zimefungwa kwa uzi ndani ya kopo la chai. Tukaziingiza katika safu ya C. Januari hadi Juni 2020 niliuza lita 3,400. Miezi hiyo hiyo ya 2021 niliuza lita 3,060. Mwanangu akaandika:

=B3*SUM(B2:B7)/SUM(C2:C7)

Yaani, chukua Februari ya mwaka huu, uizidishe kwa kadiri mwaka huu ulivyo mbele au nyuma ya mwaka jana. Jibu likawa lita 324, ambazo ni shilingi 12,960. Ondoa malipo ya mkopo, zabaki shilingi 2,460, na hapo hujanunua hata gunia la chakula cha ng'ombe.

Tazama jambo hili vizuri. Shamba ni lile lile, na ng'ombe ni wale wale. Fomula moja yasema 1,230, ya pili yasema 324. Ya kwanza iliniambia kwamba ninapanda, na ya pili ikafunua kwamba nimeshuka kwa sehemu moja katika kumi, jambo ambalo sikulijua, maana masika yalikuwa yamelificha.

(Excel ya tangu mwaka 2016 ina fomula nyingine, FORECAST.ETS, ambayo yaweza kutambua majira yenyewe. Lakini yataka hesabu za miaka miwili mitatu, na wenye hesabu hizo kati yetu ni wachache.)

Hata hizo lita 324 zilikuwa nyingi mno, na hapa ndipo mkulima anapoishinda kompyuta. Ng'ombe mmoja alikuwa amepandishwa mwanzo wa Julai. Ng'ombe huchukua mimba siku zipatazo 283, kwa hiyo alikuwa wa kuzaa karibu na tarehe 10 Aprili. Na yapasa umkaushe siku 60 kabla ya kuzaa. Basi kuanzia karibu na tarehe 9 Februari hangetoa hata kikombe. Habari hii haikuwamo katika safu yoyote. Ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa zizi. Sasa nimetia safu ya D, na ndani yake naandika kwa kila mwezi ni ng'ombe wangapi watakuwa wanakamuliwa. Safu hiyo yanifaa kuliko fomula zote mbili.

Watu hunijibu wakisema, "Lakini ng'ombe wa nne angeongeza maziwa." Ni kweli, angeongeza, akiisha kuzaa. Ukinunua mtamba mwenye mimba, malipo huanza mwezi ujao na maziwa huanza siku atakapozaa. Na katika kiangazi hula na hao watatu majani yale yale yasiyowatosha.

Kuhusu kuandika hesabu nitasema machache tu. Usichanganye lita na kilo katika safu moja, kwa kuwa lita ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, na vituo vingine hupima kwa mizani. Mwezi ambao hukuuza kitu, andika 0. Lakini mwezi ambao umepoteza karatasi yake, acha wazi. Fomula ya AVERAGE huhesabu 0 na huruka mahali palipo wazi, basi ukiandika 0 kwa sababu ya karatasi iliyopotea utajipunguzia mapato bure. Na kwa viazi andika kilo, usiandike magunia. Kanuni za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50, lakini sote tumeuza lumbesi, na lumbesi mbili hazifanani.

Nikitaja viazi, yanipasa niseme pia juu ya bei, maana hapo makisio hudanganya kuliko po pote. Lita zatoka kwa ng'ombe wako, lakini bei yatoka kwa watu wengine. Bei ya viazi ikipanda, mimi naona, na jirani yangu aona, na watu wa Molo na Meru waona pia. Sote tunapanda mbegu. Baada ya miezi mitatu minne tunavuna pamoja, na bei iliyotushawishi haipo tena. Ukiitumia FORECAST juu ya bei zilizokuwa zikipanda, itakupa bei nzuri zaidi hasa kwa msimu ule ambao kila mtu amepanda. Mimi kwa bei situmii fomula hiyo. Naandika bei za misimu yote niliyo nayo katika safu ya E, halafu naandika =MIN(E2:E13), ambayo hutoa bei iliyo ndogo kuliko zote. Ikiwa kwa bei hiyo naweza kulipa deni, naweka sahihi. Ikiwa siwezi, narudi nyumbani.

Najua wengine wataniita mwoga. Watasema mtu akihesabu kwa bei mbaya daima, hatanunua hata jembe. Labda. Lakini mwenye kukopesha hapotezi kitu ukikisia vibaya. Ng'ombe ndiye dhamana, na yule atakayefungwa kamba na kuondolewa ni wa kwako. Kwa hiyo naona fomu za mikopo zingefaa zibadilishwe. Zisiulize tu mkulima atauza kiasi gani mwaka mzima. Ziulize mwezi wake mbaya ni upi, na katika mwezi huo atalipa kwa nini. Ikiwa jibu ni kwamba hawezi, basi malipo ya Februari na Machi yawe madogo, na ya Mei na Juni yawe makubwa. Deni hulipwa lote vile vile, na watoto hawarudishwi nyumbani kwa ajili ya karo.

Mimi sikuchukua mkopo ule. Nilitumia shilingi 18,000 kununua marobota ya nyasi kavu mwezi wa Oktoba, yakiwa bado rahisi, nikayapanga juu ya mbao yasipate unyevu. Februari 2022 ilipofika, yule ng'ombe alikuwa amekauka kama ilivyoandikwa mlangoni, na hao wawili wakala nyasi zile. Niliuza lita 231. Nikaziandika katika mstari wake.