Kutunga Mchezo Si Mchezo

Neno "mchezo" halikutendewa haki katika lugha yetu. Mtu akitaka kuidharau kazi ya mwenzake husema, "Huo ni mchezo." Akitaka kumtisha husema, "Usinifanyie mchezo." Na mtoto akianguka mtihani huambiwa kwamba aliendekeza mchezo. Kwa hiyo mzazi atakayewaambia wenzake barazani hapa Kilindoni kwamba mwanawe anataka kuwa mtunzi wa michezo ya kompyuta, jibu analijua kabla hajafunga mdomo. Nami nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, tena kwa watu ninaowaheshimu, baadhi yao wakiwa walimu niliowafundisha mwenyewe chuoni. Nakusudia kulipinga hapa bila kumung'unya maneno. Wasemao hivyo wanakosea, kosa lao lina gharama, na wanaoilipa gharama hiyo si wao.

Nitaanza na maisha ya mtu mmoja, maana hoja isiyo na mtu ndani yake husahaulika upesi. Anaitwa Lual Mayen. Asili yake ni Sudani Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, lakini yeye alizaliwa njiani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wake wakiikimbia vita. Dada zake wawili walifia katika safari hiyo. Wazazi wakaingia Uganda, na kambi ya wakimbizi kaskazini mwa nchi ile ikawa ndiyo nyumbani kwake kwa miaka 22. Sisi Watanzania, tuliowapokea Wakongo pale Nyarugusu mwaka 1996, hatuhitaji kuelezwa kambi ni nini: foleni ya chakula, foleni ya maji, na siku ndefu zisizo na shughuli.

Mwaka 2007, mahali wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa, kijana huyu aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Akarudi akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Hebu litazame ombi hilo, ndugu msomaji. Mwanamke anaishi kwa mgao wa unga na maharage, amekwisha zika watoto wawili, na mwanawe anamwomba chombo ambacho pengine hata watumishi wa kambi hawakuwa nacho majumbani mwao. Angemwambia aache mchezo, nani angemlaumu? Hakumwambia. Alishona nguo za watu, akaweka senti moja juu ya nyingine kwa miaka mitatu bila kumweleza kijana lolote, mpaka zikatimia dola 300, akaenda akamnunulia.

Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji mashine hiyo wala mwalimu wa kumfundisha kuitumia. Kijana akawa anatembea saa tatu kwenda penye umeme na saa tatu kurudi. Ndani ya kompyuta ile akapata mchezo uitwao Grand Theft Auto: Vice City, uliotoka mwaka 2002, ambao mchezaji wake huiba magari na kupiga watu risasi. Wengine wangeucheza mpaka macho yawaume. Yeye alijiuliza swali la kialimu kabisa: ikiwa mchezo waweza kumzoeza mtu vita, kwa nini usiweze kumzoeza amani? Na hapo alikuwa hajui hata kwamba michezo hiyo hutengenezwa na watu. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu, akatunga mchezo, akauita Salaam, jina ambalo sisi wa pwani hatuhitaji mkalimani.

Katika Salaam mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia risasi, na huku akikimbia lazima apate maji, chakula na dawa, la sivyo safari inaishia hapo. Mtunzi aliupanga hivi: mchezaji akimnunulia mkimbizi wake maji kwa fedha ya kweli, fedha hiyo ipitie kwenye mashirika ya misaada imfikie mkimbizi wa kweli aliye kambini. Baadaye Mayen alihamia Washington, akaanzisha kampuni aliyoiita Junub Games, yaani michezo ya kusini, na Desemba 2018 akatunukiwa heshima mbele ya watunzi wa dunia nzima katika hafla ya The Game Awards kule Los Angeles.

Sitaki msomaji ashikwe na hiyo hafla. Zawadi ni mambo ya bahati, na kijana mwingine mwenye akili kama hiyo huenda yuko kambini hadi leo. Mimi nashikwa na yule mama na cherehani. Hakujua kompyuta ni nini. Alijua mwanawe ni nani, na hilo likamtosha. Sisi tuliosomeshwa kwa fedha ya umma tuwatambue watoto tumepewa kazi hiyo hiyo kwa mshahara, na bado tunasema mchezo.

Wako watakaouliza: kutunga mchezo kuna elimu gani? Swali hili linanishangaza likiulizwa na watu wanaocheza bao kila jioni. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa katika nyumba na 2 mbili katika mashimo mawili ya jirani yake, na 22 akiziweka akiba. Hunamua kete moja moja mpaka akiba iishe, kisha huingia mtaji, na sheria hubadilika. Sasa, nani aliyeamua akiba iwe 22? Nani aliyeona kwamba nyumba ipewe heshima yake, na kwamba mchezaji aachiwe uamuzi wa kuivunja au kuilaza? Mtu alikaa akapima. Pengine walikuwa watu wengi, kizazi baada ya kizazi, na majina yao yamepotea, lakini kazi yao ndiyo kazi ya mtunzi wa michezo: kupanga sheria ambazo fundi hatazichoka na mwanafunzi hatazikatia tamaa.

Chuoni niliwahi kuwapa wanachuo wangu wa hisabati zoezi la kubadili sheria moja tu ya bao, yoyote waipendayo, kisha wacheze. Kundi moja liliongeza kete za nyumba. Kundi jingine liliondoa nyumba kabisa. Michezo yote ilikufa: ama aliyeanza alishinda kila mara, ama kete zilizunguka bila mwisho. Wakakaa mpaka usiku wakitafuta kwa nini, na asubuhi nikaletewa hesabu ambazo sikuwa nimewafundisha. Alex de Voogt, Mholanzi, aliyaona haya mapema kuliko wengi wetu. Alikuja Zanzibar kuwachunguza mafundi wa bao, na tasnifu yake ikatoka Leiden mwaka 1995. Wakati huo sisi wenye bao tulikuwa tukiambiana kwamba ni mchezo wa wastaafu. (Mwalimu Nyerere alilicheza akiwa Ikulu na baada ya Ikulu, lakini huo ni ushahidi ambao watu hupenda kuutaja na hawapendi kuutumia.)

Kule Japani yuko rika langu aitwaye Shigeru Miyamoto, aliyezaliwa mwaka 1952 katika mji mdogo wa Sonobe. Utotoni alikuwa akizurura milimani, na siku moja akaliona pango akaingia na taa. Mwaka 1977 aliajiriwa na Nintendo, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na mwaka 1986 lile pango la utotoni likawa mchezo uitwao The Legend of Zelda, unaojulikana dunia nzima. Pango moja tu! Sisi hapa Mafia tuna magofu ya Kua kisiwani Juani, na kisa ambacho wazee husimulia cha watu wa Kisimani waliowachukua watoto wa Kua wakawalaza mchangani ili jahazi jipya lishushwe majini juu ya miili yao, na watu wa Kua wakangoja miaka, wakawaalika Kisimani harusini, wakawafungia chini ya ardhi wasitoke tena. Tuna mwaka 1915, Waingereza walipokiteka kisiwa hiki mwezi Januari wakakifanya kituo cha kuirukia kwa ndege manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya Rufiji, mpaka ilipoangamizwa mwezi Julai. Tuna papa potwe wanaokuja kila mwaka Kilindoni na kuwaleta watalii nyuma yao. Asipotokea mtunzi wa hapa atatokea wa mbali, atavitunga yeye, na wajukuu wetu watatulipisha bando ili wavicheze.

Najua yanayosemwa kuhusu madhara. Kijana hukesha na simu, shule inamshinda, na baadhi ya michezo ina matusi na damu. Ni kweli. Hata vitabu vina matusi, na hatukufunga maktaba. Tena nashangaa hasira hii inavyochagua mahali pa kutua. Mchezo wa kubahatisha una sheria yake ya mwaka 2003, una bodi yake, una matangazo redioni kabla na baada ya taarifa ya habari. Vijana wanabeti mbele ya macho yetu kwa fedha waliyopewa ya nauli ya boti kwenda Nyamisati, na mzee anayewaona hufunga macho. Humo kijana hatungi kitu, haamui kitu, hajifunzi kitu ila kupoteza. Akija mwenzake anayechora ramani ya Chole katika kompyuta na kuipangia sheria ili nahodha wa ngalawa apite bila kukwama mwambani, huyo ndiye tunayemwita mpotevu. Kijana huyo yupo, simtungi. Amemaliza kidato cha nne, na baba yake ameichukua kompyuta ameificha kwa shemeji yake mpaka mwana "apate akili".

Swali la riziki ni la haki zaidi. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, na sitamdanganya mzazi kwamba njia waliyopita ilikuwa laini. Wengi watakaojaribu hawatapata kitu. Lakini mvuvi wa Jibondo naye haapiwi samaki, na hatujamwambia mwanawe asijifunze kushona nyavu. Anayejifunza kutunga mchezo anajifunza hesabu, kuchora, kusimulia hadithi, kupanga sauti na kusahihisha kosa lake mwenyewe mara mia bila kulia. Mchezo usipouzwa, mtu huyo bado anafaa benki, anafaa hospitali, anafaa hata ofisi ya halmashauri.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari zetu. Nimeufurahia kwa moyo wote, maana tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukitafuta shule inayoheshimu mikono. Lakini sera haifungui mlango uliofungwa kwa kufuli. Iko shule moja kisiwani humu ambayo sitaitaja. Ilipewa kompyuta na wafadhili, zikapigwa picha, zikaingizwa chumbani, na mlango ukafungwa ili zisiharibiwe. Katika kikao cha wazazi nilisimama nikalisema hilo. Mwalimu mmoja kijana, mwenye adabu zake, akanifuata baadaye nje.

"Shikamoo, mwalimu. Hivi kweli unataka watoto wacheze gemu shuleni?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka watunge."

"Na wakiziharibu je, mzee wangu? Nitaandika maelezo mimi."

"Zina miaka minne humo ndani. Chumvi ya bahari imekwisha ziharibu bila mtoto hata mmoja kuzigusa. Hayo maelezo nani anaandika?"

Alicheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa alijua nasema kweli na alijua pia kwamba ufunguo si wake.

Basi nilichopendekeza ni kidogo. Chumba kifunguliwe kila Jumamosi asubuhi, saa mbili mpaka saa sita. Wanafunzi wasizidi ishirini, na wavulana wasizidi wasichana. Mwezi wa kwanza wasiguse mashine: wapewe ubao wa bao, wabadili sheria, waandike kilichotokea. Mwezi wa pili wale mashine zitakazokuwa zinawaka wazigawane wanne wanne. Yule kijana aliyenyang'anywa kompyuta ndiye awafundishe, maana mimi programu siziwezi, nami nitakaa mlangoni na daftari la mahudhurio. Malipo sitaki, chai itanitosha. Baba yake nimekwisha mwona, na amesema akiiona barua yenye mhuri atamrudishia mwanawe kompyuta yake siku hiyo hiyo. Barua hiyo yahitaji kibali, na kibali nimekiomba kwa maandishi mara mbili. Wiki iliyopita niliambiwa faili linatafutwa.