Mafuta ya nazi si mganga

KIBARAZANI
Na Rehema Mbwana

Kipupwe kimeingia, na ngozi zimeanza kuandika. Pitisha ukucha kwenye muundi uone mstari mweupe unaobaki. Huu ndio msimu wa wauza mafuta. Kila kundi la WhatsApp nililomo, la ukoo, la kicheni pati, hata la wazazi wa darasa la nne, lina mtu mwenye chupa: nazi, ubuyu, nyonyo, mlonge, parachichi, mbegu za maboga. Sina ugomvi na chupa. Ugomvi wangu ni ile orodha inayofuatana nayo. Yanaondoa chunusi, michirizi, makovu, ukurutu, mba na mvi, yanazuia jua, yanarudisha rangi ya utotoni. Kuna tangazo moja lililoingiza na bawasiri.

Mafuta ya mimea yana kazi moja kwenye ngozi, na ni vichache vinavyoifanya vizuri kuliko yenyewe: kuilainisha na kuyachelewesha maji yasitoke. Ukiyanunua kwa kazi hiyo hujapunjwa. Zile kazi nyingine umenunua maneno.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kwa kubanana, na kati yake mwili umejaza mafuta unayoyatengeneza wenyewe: keramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Sabuni kali, maji ya moto, upepo mkavu na umri huyapunguza. Hapo maji ya ndani hupata upenyo, seli hukauka, kingo zake hujikunja, na mtu anapauka. Mafuta unayopaka huingia kwenye nyufa hizo, mengine yakabaki juu kuwa kizuizi. Hayaongezi maji hata tone. Kwa hiyo mtu hupakwa akitoka kuoga, mwili ungali na unyevu. Anayejipaka saa nane mchana juu ya ngozi iliyokwisha kukauka ndiye anayelalamika kwamba mafuta yanakaa juu tu.

Na haki isemwe: kwa kuyazuia maji, hakuna mafuta ya mmea yanayoifikia vaselini, zao la petroli ambalo Robert Chesebrough alilipatia hataza Marekani mwaka 1872. Mafuta mengi ya mgando tuliyolelewa nayo ni hayo hayo. Mwenye magaga yanayotoa damu apake mgando usiku, avae soksi, alale. Wapenzi wa asilia watanuna, lakini kisigino hakiulizi mafuta yametoka kwenye mti au kwenye kisima.

Turudi kwenye mimea, maana huko nako kuna mengi ya kusifia, na sifa ya kwanza ni ya mnazi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo kwenye maabara inaua baadhi ya bakteria wa ngozi. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino waliwachukua watu 34 wenye ngozi kavu, wengine wakapewa mafuta ya nazi, wengine mafuta ya madini. Yote mawili yalisaidia, na hakuna yaliyoachwa mbali. Mwaka 2014 huko huko Ufilipino walijaribu kwa watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana, na safari hii nazi ikayashinda mafuta ya madini. Kwa kitu kinachopatikana jikoni, hayo si mafanikio madogo. Ila tazama kilichopimwa: ukavu na mwasho. Hakuna aliyepima mvi.

Namna ya kuyapata Pwani nzima inaijua. Nazi zilizokomaa, mbuzi, tui la kwanza zito, sufuria pana, moto mdogo, halafu subira ya kukoroga mpaka maji yaishe na shata libadilike kuwa la kahawia. Shata lenyewe halitupwi, watoto wanalingoja. Hila yote iko mwishoni: yasiepuliwe kabla hayajanyamaza. Yakiwa bado yanatoa povu na mlio, maji yamo, na maji ndiyo yanayoyafanya yachache baada ya muda mfupi. Yaliyonyamaza, yakachujwa kwa kitambaa kikavu na kutiwa kwenye chupa kavu, hukaa miezi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni mafuta yasiyoharibiwa upesi na hewa. Alizeti na ufuta havina uvumilivu huo. Hivyo vikae gizani na viishe mapema.

Siku hizi kuna mafuta ya nazi ya kupika na mafuta ya nazi “yaliyokamuliwa baridi”, na ya pili bei yake inakutoa jasho. Harufu yake ni nyepesi, ndani yake hubaki vitu vichache ambavyo moto ungevipunguza, na mwenye fedha zake anunue. Lakini asidi ya lauriki haibadilishwi na moto wa sufuria. Kwa muundi uliopauka sioni sababu ya kuyapita mafuta ya mwanamke wa Pangani aliyekesha na mwiko.

Jambo jingine linalozua lawama za bure: nazi safi huganda kwenye nyuzi joto 24 hivi kushuka chini. Tanga mjini yatakuwa majimaji mwaka karibu mzima, Lushoto asubuhi utayachimba kwa kijiko. Aliye Lushoto asimshtaki muuzaji. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye mafuta yake yamelala kwenye friji na kuamka yakiwa majimaji, isipokuwa kama yalitengenezwa kiwandani makusudi yasigande.

Hata nazi ina mahali pasipo pake. Usoni kwa mwenye chunusi ni kumwaga petroli motoni. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza chunusi za paji la uso na kwenye panja walizoziona kwa wanaume Weusi, na chanzo kilikuwa mafuta ya nywele yaliyoteremka. Angalia mapaji ya vijana wetu wanaoloweka rasta. Mtoto mchanga katika joto la Februari naye, akipakwa mafuta mazito toka utosini hadi unyayoni, anajaa harara. Na wenye mba: fangasi anayehusika hawezi kujitengenezea mafuta, anaishi kwa kula yetu. Kichwa kikiwasha kwa mba, ukakipaka zeituni, umemwandalia karamu.

Nimetaja zeituni, na hapa najua nitapigiwa simu. Zeituni ni mti uliobarikiwa, sibishani na hilo, na saladi yake naila. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima zeituni kwenye mkono mmoja kwa wiki kadhaa, na walichokiona ni ule ukuta wa ngozi kudhoofika, pamoja na wekundu kidogo. Alizeti haikuudhoofisha. Maelezo yake yako kwenye asidi: zeituni imejaa oleiki, ambayo hupenya na kuvuruga mpangilio wa mafuta ya mwili, alizeti ya kawaida ina linoleiki kwa wingi, ambayo mwili wenyewe huitumia kujengea ule ukuta.

Yaani chupa inayokuja kwa meli, inayouzwa kwa dirhamu chache huko itokako na maelfu mengi hapa, inashindwa na alizeti ya Singida. Na si kwa watu wazima tu. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliozaliwa kabla ya wiki 33 walipakwa mafuta ya alizeti taratibu mara kadhaa kwa siku; matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005 yalionyesha maambukizi ya hospitalini yakipungua kwa asilimia 41 kuliko kwa wasiopakwa. Mafuta yale yaliandaliwa kwa ajili hiyo, na wauguzi walinawa mikono, kwa hiyo mama mwenye njiti asinyanyue dumu la kukaangia mihogo. Nalitaja kwa sababu ndio ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua kuhusu mafuta ya mmea na ngozi ya binadamu, na sijawahi kuusikia kwa muuza chupa hata mmoja. Alizeti haina mvuto. Tumeizoea mno.

Shea nayo tunaifuata mbali. Makopo ninayoyaona madukani mengi yanajinasibu na Ghana, ilhali kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi na Walango, kuna shea nyingine ambayo wenyewe huita moo yaa. Wanawake huokota matunda, hula nyama yake, hukausha mbegu, hukaanga, husaga, hukamua. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, karibu imiminike, kwa kuwa ina oleiki zaidi. Ndiyo, oleiki ile ile niliyoilaumu kwenye zeituni, ila humu imechanganyika na steariki nyingi. Hata hivyo mwenye pumu ya ngozi ningemwambia aanze na nazi. Mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa, na mchoma mkaa huumaliza kwa asubuhi moja. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku mkaa wa biashara huko kaskazini. Amri ni amri, lakini mti unaoingiza fedha za mafuta una mlinzi nyumbani, na soko la Kampala, Nairobi na Dar es Salaam lingeweza kuwa sehemu ya ulinzi huo. Shea nyingi duniani, kwa taarifa yako, hata haifiki kwenye ngozi. Huishia kwenye chokoleti, mahali pa siagi ya kakao.

Siagi ya kakao yenyewe ndiyo malkia wa ahadi ya michirizi ya ujauzito. Ahadi hiyo imepimwa, tena si mara moja. Lebanon mwaka 2008 na Jamaika mwaka 2010, wajawazito walipewa krimu ya kakao au krimu isiyo nayo bila kujua ipi ni ipi, na michirizi ikawatokea sawasawa. Michirizi hutokea ndani, kwenye tabaka ambalo mafuta ya kupaka hayafiki. Mjamzito ajipake kwa sababu tumbo linawasha na mafuta yanatuliza. Hiyo ni sababu halali kabisa.

Kuna ahadi moja ambayo siichekei. Ni ile ya kung'arisha. Hakuna mbegu duniani ukiikamua inatoa mafuta yanayombadili mtu mweusi rangi kwa wiki mbili, iwe karoti, iwe papai, iwe nini. Mafuta “asilia” yakikutakatisha kwa kasi hiyo, ujue ni mkorogo uliovishwa jani la mwarobaini kwenye kibandiko. Ndani yake kuna haidrokwinoni, au zebaki inayoumiza figo, au steroidi inayoichuna ngozi mpaka mishipa ionekane. Serikali zetu zimepiga marufuku viambato hivi. Rwanda iliingia madukani kukamata vipodozi vyenye viambato hivyo mwishoni mwa 2018. Na mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki. Muuzaji anajua haya yote. Ndiyo maana kalihamia jani.

Tanzania, kazi ya kusimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Ningependa ianze na jambo dogo: chupa ya mafuta ya kupaka iseme ni mbegu gani, yamekamuliwa lini, yamechanganywa na nini, na isiseme ugonjwa wowote. Anayekamua uani asiogopeshwe na hilo. Wajasiriamali wadogo wana njia yao ya kupitia shirika la viwanda vidogo, SIDO, na kibandiko cha mistari mitatu hakihitaji kiwanda. Anayeuza nazi tupu ndiye atakayefaidika zaidi, kwa sababu leo anashindana na waongo.

Hapo kwenye kutotaja tiba, kuna sentensi moja ambayo ingefaa ifutwe hata kabla ya kanuni yoyote: “yanazuia miale ya jua.” Mwaka 2010 watafiti nchini India walipima mafuta kadhaa kwa chombo cha maabara, nazi na zeituni yakapata kinga ya jua (SPF) ya kama 8, na namba hiyo imezunguka dunia bila kupumzika. Ilipatikana kwenye chombo, si mgongoni kwa mtu anayelima. Kwa mwenye ngozi nyeusi kuiamini ni uzembe tu. Kwa mtoto mwenye ualbino inaweza kuwa saratani kabla hajamaliza ujana, na nchi hii haina watoto hao wachache. Wao wanahitaji kofia pana, mikono mirefu, kivuli, na losheni halisi ya kukinga jua, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kwa ajili yao. Losheni hiyo ipewe bajeti ya kuifikisha kila zahanati, na wauza mafuta waifute hiyo sentensi ya jua wiki hii. Kuhusu mvi tunaweza kuendelea kubishana.